Alhamisi za Avis Thurlby

Jumatatu ile Avis Thurlby alipotandika meza yake chini ya Msalaba wa Siagi, kile kibanda cha mawe cha katikati ya uwanja, akapanga mayai na jibini, akafunga aproni na kusimama kama mtu anayengoja wateja, mji wetu mzima wa Ledwick ulijua kwamba maji yamemfika shingoni. Soko letu ni Alhamisi. Lilikuwa Alhamisi kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, tangu mfalme mmoja alipopita huku akiwinda, akalala kwetu, akala akashiba, na asubuhi akatuachia ruhusa ya kuuza na kununua siku moja kwa wiki. Watu wa mji wa jirani wana Jumamosi yao na sisi hatuwaulizi. Kutandaza bidhaa uwanjani Jumatatu ni sawa na kwenda kanisani Jumanne, ukakaa peke yako ukangoja mahubiri.

Nora Ibbot, mwenye duka la mikate, ndiye aliyetoka kwanza, unga umemjaa mikononi.

"We Avis, bata, kalenda yako imeliwa na panya?"

Huku kwetu kila mtu ni bata: mke, dereva wa basi, hata hakimu. Si tusi, msije mkadhani vingine.

"Leo Alhamisi," Avis akamjibu, na macho yake yakamwomba Nora asiseme zaidi.

Nora akageuka. Kutoka upande wa kanisa alikuwa anakuja Clem Thurlby, mume wa Avis, kengele ya soko mkononi, koti limefungwa vifungo vyote, tai shingoni, kidevu kimenyolewa kikang'aa. Nora Ibbot ana mdomo lakini si mjinga. Alimtazama Clem, akamtazama Avis, akajipangusa mikono.

"Alhamisi, eti eh," akasema. "Basi nifungie mayai."

Avis alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe nje kidogo ya mji, kule ambako ukungu hauondoki mpaka mchana. Mama yake aliuza siagi chini ya Msalaba huohuo, na bibi yake kadhalika. Kizimba cha soko kwetu hakiuzwi wala hakiombwi. Binti hukirithi kwa mama yake kama anavyorithi pua. Siku hizo Alhamisi mji wote ulinuka mavi ya ng'ombe na hakuna aliyelalamika, maana ndiyo ilikuwa harufu ya kula yetu. Mashamba yalimwagika mjini tangu alfajiri, vilabu vya pombe vilifunguliwa asubuhi, na wanaume wazima walipigana viganja barabarani kuthibitisha bei ya fahali, mpaka ukadhani wamegombana.

Clem alikuwa mtoto wa mbeba mizigo wa stesheni. Alianza kazi kwa kufagia zizi la mnada, na alivyokuwa mtu wa mpango akapanda mpaka akawa nyapara wa soko. Walikutana dansini, katika Jumba la Nafaka. Clem hakujua kucheza. Alimkanyaga Avis mguu wa kulia, akaomba radhi, akamkanyaga wa kushoto. Avis alirudi nyumbani anachechemea na anacheka njia nzima, na mama yake akasema, haya, tayari huyu. Walioana, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Heather, ambaye sasa anaishi Nottingham na ana kazi ya kukaa kitini.

Nyapara wa soko kwetu ana kazi ya kuchora mipaka ya vizimba kwa chaki, kupiga kengele saa tatu, na kuhakikisha kila mtu yuko mahali pake. Kabla ya kengele huuzi hata kitunguu. Na mahali pa mtu ni pa mtu. Clem katika hilo hakuwa na mchezo. Aliwahi kumwondoa binti wa lodi, mwinyi mwenye nusu ya ardhi hii, aliyekuja na sabuni zake za maua akatandika kwenye kizimba cha mjane wa bucha. Yule binti akamuuliza, "Unajua mimi ni nani?" Clem akamwambia, "Najua, bata, na najua si mjane wa bucha." Tulicheka mwaka mzima.

Halafu mji ukaanza kutuponyoka, na usiniulize ulianza lini, maana mti huliwa na mchwa huku majani yakiwa mabichi. Reli waliifunga. Stesheni ikawa nyumba za kupanga. Mnada wa ng'ombe ukahamishwa, zizi likawa maegesho ya magari ya supamaketi. Benki ikafungwa, bucha ikafungwa, na mahali pake yakaja maduka ya nguo za mitumba, moja baada ya jingine, utadhani Ledwick nzima imekufa na sasa wanagawa nguo za marehemu. Nyumba nzuri za uwanjani wamezinunua watu wa London. Wanakuja Ijumaa jioni na mbwa wao, wanapiga picha Msalaba wa Siagi, na Jumapili wanaondoka wamenunua mkate mmoja. Soko lenyewe likabaki na vizimba vinne: samaki wa Reg Skelton, miche ya maua, vifuniko vya simu, na Avis. Clem alivichorea chaki hivyo vinne kwa uangalifu uleule wa siku vilipokuwa mia.

Kisha Clem akaanza kusahau.

Mwanzoni yalikuwa ya kuchekesha, miwani ndani ya jokofu, soksi ndani ya birika. Avis alicheka naye, akayaficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, lakini nani anataka kwenda kumtangazia daktari kwamba mtu wake anayeyuka? Clem akaanza kuamka asubuhi akimuuliza Avis mama mzazi yuko wapi. Akaanza kwenda stesheni, akasimama kwenye mlango wa watu wasiomjua, akangoja treni. Alilia kama mtoto alipoambiwa hakuna treni. Avis alikuwa akimfuata na koti, mvua inanyesha, amechoka mpaka mifupa, na anaona aibu, na anaona aibu kwa kuona aibu.

Isipokuwa Alhamisi. Siku ya soko Clem aliamka Clem. Kitu gani kilimwamsha hatujui, pengine gari la samaki likipita alfajiri, pengine mwili tu. Alinyoa mwenyewe. Alifunga tai mwenyewe. Alimwambia Avis, "Mayai umepanga ya jana mbele?" na Avis akajua kwamba mume wake amerudi kutoka huko aliko, walau mpaka saa nane. Siku nyingine sita alizibeba kwa ajili ya hiyo moja.

Jumapili ile, kabla ya hiyo Jumatatu ninayoisimulia, Heather alikuja kula chakula cha mchana. Aliona kifundo cha mkono wa mama yake kimevimba, kimekuwa rangi ya zambarau.

"Mkono umefanya nini, Mama?"

"Nimeteleza. Barafu."

"Barafu gani mwezi wa tatu? Mvua inanyesha tangu Krismasi."

Avis akamimina chai. Clem alikuwa sebuleni, anazungumza na redio.

"Amekupiga?"

"Baba yako hajawahi kunipiga. Alinisukuma. Alitaka kwenda stesheni nikashika mlango, akadhani mimi mwizi."

"Mwizi," Heather akarudia polepole. "Mke wake, ndani ya nyumba yake."

"Usiseme kwa sauti hiyo."

"Nisemeje basi? Mama, nimempatia Baba chumba katika nyumba ya wazee. Mahali pazuri, dakika chache kutoka kwangu, wana bustani, wana wauguzi. Wamenishikia mpaka Ijumaa."

"Hapana."

"Siku moja atakusukuma ngazini. Nani atanipigia simu, yeye?"

"Alhamisi ananijua," Avis akasema. "Heather, siku ya soko ananijua. Ananijua jina, anajua mayai, anajua kila kitu. Nikimpeleka huko, kwenye bustani yao isiyo na Alhamisi, nitakuwa nimemzika yu hai. Siwezi. Usiniombe."

Heather si mtoto mbaya, nataka hilo lieleweke. Alilia palepale mezani, mbele ya pai ya nguruwe. Kisha akapangusa pua akasema, "Basi nitakuja Alhamisi nimwone mwenyewe. Akiwa anakujua, anajua aliko, nitawaambia chumba wampe mwingine. Lakini kama sivyo, Mama, sitakuuliza tena."

Usiku huo Avis alifikiri, na kwa kuwa mfa maji haachi kutapatapa, akapata wazo. Kama Alhamisi ndiyo inayomrudisha, basi kila siku itakuwa Alhamisi. Mayai anayo. Jibini anayo. Msalaba uko palepale. Nani atamzuia?

Ndiyo ikawa hiyo Jumatatu. Avis alimwamsha Clem mapema, akamwambia, "Amka, mume wangu, leo soko." Clem akakaa kitandani, akamtazama, na uso wake ukajipanga taratibu. Akauliza chaki iko wapi. Avis alikwenda jikoni akajifungia mlango, akalia kwa furaha, taulo mdomoni asisikike.

Habari ikaenea kutoka kwa Nora, na tusifiche, tulishiriki wote. Mji huu unasengenya, unanuna, una watu hawajasalimiana tangu ugomvi wa uzio wa mwaka juzi, lakini siku ile kila aliyepita uwanjani alisema, "Soko jema, Clem." Kasisi alinunua jibini ambayo daktari wake amemkataza. Wanawake wa duka la mitumba walitoa meza nje wakapanga vikombe vyao, kizimba kisiwe kimoja. Clem aliwachorea mipaka na kuwakemea kwa kutokea nje ya mstari. Alikuwa na raha. Avis alimtazama akawa anajiambia, nimeweza, nimeweza.

Lakini nyapara ni nyapara. Mchana Clem alisimama katikati ya uwanja akageuka huku na huku.

"Reg yuko wapi?"

Avis hakuwa amelifikiria hilo. Reg Skelton huja na gari lake kutoka pwani, safari ndefu, na haji ila Alhamisi ya kweli.

"Amechelewa," Avis akasema.

"Na wa maua? Na yule wa mabomba?" Wa mabomba alikwisha kufa zamani. "Avis, mbona mahali pao pako wazi? Mtu akija kukaa?"

Alianza kuvifungua vifungo vya koti na kuvifunga tena, na Avis aliijua dalili hiyo na aliiogopa. Akasema la kwanza lililomjia.

"Walindie nafasi zao, Clem. Watakuja. Wewe walindie tu, mtu asikae."

Clem akatulia. Kazi hiyo aliielewa. Alasiri yote alitembea kutoka nafasi hadi nafasi akiyalinda mawe matupu, na mbwa mmoja aliyekaa kwenye kizimba cha samaki akafukuzwa kwa heshima zote.

Jumanne ikawa hivyohivyo, ila mvua ilikuwa kali na wapitaji wachache. Clem alilinda. Jumatano Avis hakuweza kunyoosha magoti. Jibini ilikuwa imekauka pembeni, mayai hayakununuliwa tena kwa kuwa kila jokofu la Ledwick limejaa mayai yake, na Nora mwenyewe alikuja akanong'ona, "Bata, nimeoka keki mpaka mume wangu ananitazama vibaya. Utafika wapi na hili?"

"Kesho tu," Avis akasema. "Kesho Heather anakuja. Nifikishe kesho."

Bwana Lovell wa halmashauri naye akachagua siku hiyo. Ni mtu mpole, mgeni hapa, ana baiskeli. Alisogea akakohoa.

"Bibi Thurlby, samahani sana. Kanuni zinasema soko ni Alhamisi. Siku nyingine kuuza hapa ni kosa. Kuna mtu amelalamika."

"Nani?"

"Siwezi kusema."

"Mtu wa London, huyo," akasema Avis.

Kabla Lovell hajajibu, Clem alikuwa amemfikia. "Baiskeli, bata. Umeiegesha kwenye kizimba cha mjane wa bucha. Iondoe kabla hajafika."

Lovell alimtazama Clem, akaitazama kengele, akaelewa. Aliiondoa baiskeli. Kisha akamwambia Avis kwa sauti ya chini, "Kesho ni Alhamisi kweli, sina neno. Ijumaa nisikukute, tafadhali. Nitalazimika." Akaondoka anaisukuma baiskeli bila kuipanda.

Jioni hiyo, wakikunja turubai, Clem alisimama akauangalia ule uwanja mtupu, akasema, "Soko linakufa, Avis. Hakuna aliyekuja. Nimewalindia siku nzima." Na machozi yakamtoka, machozi ya mtu mwenye akili timamu anayeona sawasawa. Avis alimshika mkono mpaka nyumbani. Alikuwa amekata tamaa kiasi kwamba hakuomba hata Mungu.

Alhamisi ikaja, na mvua yake. Alfajiri gari la Reg Skelton lilipita likinuka bahari. Clem akanyoa, akafunga tai, akatoka kabla ya Avis kumaliza kupakia mayai, kama alivyofanya maisha yake yote. Uwanjani miche ya maua ilikuwa imeshafika, na yule wa vifuniko vya simu. Heather alikuwa amesimama mlangoni kwa Nora na mwavuli, hajanyanyua mguu, anaangalia. Saa ya kanisa ikagonga tatu, na Clem akapiga kengele, mkono wa juu, ule mpigo wake wa kujivuna ambao kila mtoto wa Ledwick amewahi kuuigiza.

Akaanza mzunguko.

"Reg, goti linaendeleaje?"

"Linanisumbua kama mama mkwe, Clem."

"Mama mkwe wako alikuwa mtu mwema. Rudisha hilo kreti ndani ya mstari."

Mtu wa maua akaulizwa juu ya mbolea, wa simu akaambiwa afunge viatu. Kisha Clem akafika mlangoni kwa Nora, akasimama.

"Heather. Umekonda. Huko Nottingham hamli?"

Heather akaweka kiganja mdomoni. Kwa miezi baba yake alikuwa akimwita kwa jina la shangazi aliyekufa. Alimkumbatia palepale, mwavuli ukaanguka, na juu ya bega la baba yake akamtazama mama yake ng'ambo ya uwanja, akatikisa kichwa kukubali. Avis aliona. Ameshinda. Kesho halmashauri wafanye watakalo, wamfunge wakitaka, Clem anabaki nyumbani.

Clem akaja chini ya Msalaba wa Siagi, maji yanamtiririka kwenye kofia. Akasimama mbele ya meza ya Avis.

"Habari za asubuhi, bata," akasema. "Hapa pana mwenyewe."

Avis akatabasamu. "Acha utani, Clem, watu wanatazama."

"Sina utani. Hapa ni mahali pa Avis Thurlby. Mama yake alisimama hapa, na bibi yake. Nakuomba uhame kabla hajafika."

Avis alivua kitambaa cha kichwani. Nywele zikamwagika, nyeupe, zimelowa. "Clem, nitazame."

Clem akamtazama. Alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyetoka mbali. "Nakutazama, mama. Sisemi wewe ni mtu mbaya. Lakini utaratibu ni utaratibu, na wenzake wote wamefika, kabaki yeye tu. Hachelewi huyu. Leo sijui kimemkuta nini."

Reg alisikia, akaja anajipangusa magamba. "Clem, we mtu vipi? Si Avis huyo?"

"Nimesema mahali pana mwenyewe!" Ilikuwa sauti ya siku za mnada, sauti ya kusimamisha fahali, lakini mwisho wake ilipasuka.

"Mwache, Reg," Avis akasema. "Mwache. Nahama."

Wakati akirudisha mayai kwenye trei alilielewa jambo lote, na bora asingelielewa. Mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Siku tatu mfululizo alimwambia kwamba watu hawapo, kwamba watakuja, kwamba alinde. Clem alikuwa amelinda, na leo wote wamekuja, akawahesabu mmoja mmoja kwa furaha, na katika hesabu yake amepungua mmoja tu, yule ampendaye. Nani angeweza kumwambia kwamba ndiye huyu?

Clem alimsaidia kuhama. Hiyo ndiyo iliyotuua sisi tuliokuwa tukitazama. Alibeba jibini kwa mikono miwili, akaikunja meza kwa makini asimbane vidole, akaiegemeza kwenye ukuta wa benki isiyokuwa benki tena.

"Alhamisi ijayo wahi mapema," akamwambia. "Nitakutafutia nafasi nzuri, pasipo na upepo."

"Ahsante," Avis akasema.

Clem akarudi chini ya Msalaba. Akavua koti, akalitandika juu ya jiwe alipokuwa amesimama Avis, ndivyo tunavyofanya tukimshikia mtu nafasi, akasimama pembeni na shati lake, tai imemganda kifuani. Upepo unapita pale kama hauna dini. Avis akaenda akaliokota koti amvike.

"Acha," Clem akasema. "Hiyo ni nafasi ya mke wangu."

Akaliacha.

Watu walikuja kuuliza mayai, Clem akawaambia mwenye mayai yuko njiani. Nora alimletea chai, hakuinywa. Saa sita ikapita, saa saba, Reg akaanza kuosha meza zake, na Clem yuko palepale, midomo ya bluu, anatazama barabara ya mashambani ambako Avis alikuwa akitokea na mama yake kabla ya kuolewa. Heather alisimama karibu na mama yake. Alisema hatauliza tena, na hakuuliza.

"Lete gari," Avis akasema mwishowe.

"Mama, si lazima leo. Nilimwona. Alinijua mimi..."

"Alikujua wewe. Lete gari, Heather, kabla sijageuza moyo."

Heather akaenda. Avis akajifunga tena kitambaa chake, akapanda vipandio viwili vya mawe mpaka alipokuwa mumewe.

"Nimeonana na Avis," akasema.

Clem aligeuka upesi hivi kwamba nusura ateleze. "Wapi?"

"Nyumbani. Amesema leo haji. Amesema usimngoje kwenye mvua, tukupeleke."

"Anaumwa?"

"Amechoka tu."

"Hachoki, yule." Akafikiri. "Amenikasirikia?"

"Hapana." Avis akamnyooshea tai iliyolowa. "Hajakukasirikia hata kidogo."

"Mwambie sikumpa mtu nafasi yake. Alikuja mama mmoja, mtu mzuri tu, nikamwondoa."

"Nitamwambia."

Clem akaokota koti mwenyewe, akakubali kuvikwa, akakubali kushikwa mkono kuvuka uwanja. Gari la Heather lilikuwa linanguruma mbele ya duka la mikate, limeelekezwa barabara ya Nottingham. Alipokaa kiti cha nyuma alimshika Avis mkono kabla hajafunga mlango.

"Tunakwenda kwake, eti?"

"Ndiyo," akasema Avis, akamfunga mkanda, maana vidole vya Clem vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi.